Mwongozo wa Sumaku kwa Wanaodhani ni Maksi za Bure

Waliokutangulia watakuambia kwamba mada ya sumaku ni maksi za bure. Wasikilize kwa heshima, kisha waulize walipata ngapi. Mada yenyewe ni fupi kweli: vipande vya chuma, waya, betri na mikono yako miwili. Kinachowaangusha watu ni masharti ambayo hayajaandikwa kwenye kitabu chochote, yale ambayo kila aliyemo maabara anayafuata na hakuna anayeyataja. Hapa yametajwa. Hutafaulu kwa kuyajua, ila utakapoanguka utajua umejikwaa wapi.

Anza kwa kutafuta sumaku. Shule inazo. Fungua kabati la maabara, droo ya chini kabisa, ndani ya boksi la chaki. Utakuta miche miwili mifupi, nusu nyekundu na nusu buluu, rangi imebanduka pembeni. Ishike kwa staha, maana ilishafariki. Chanzo cha kifo kinajulikana na kitatoka kwenye mtihani: iliangushwa sakafuni na kila darasa lililopita, ililazwa ndani ya boksi ncha zinazofanana zikiwa upande mmoja, zikadhoofishana mwaka hadi mwaka, na vile vipande vya chuma laini vya kufunga ncha zake vilipotea siku boksi lilipofunguliwa mara ya kwanza. Sababu nyingine kitabuni ni joto. Chuma hupoteza usumaku wake kikifika nyuzi 770 za Selsiasi, na ingawa bati la maabara mwezi wa Februari saa nane mchana hujitahidi sana, hiyo usiilaumu. Mwalimu akiuliza, "Mmeona inavyovuta?" jibu ni, "Ndiyo, mwalimu." Jibu jingine lolote litaongeza kipindi.

Ukihitaji sumaku inayofanya kazi, muombe mdogo wako wa darasa la tatu. Anayo. Aliichomoa kwenye spika ya redio iliyokufa, akaifunga kamba, na kila jioni anaiburuta kwenye vumbi la barabarani. Tazama kwa karibu anachokusanya: chembe nyeusi zilizosimama wima juu ya sumaku, kila moja imejipanga nyuma ya mwenzake, zikiinama kutoka upande mmoja kuelekea mwingine. Ule ndio uga wa sumaku, umejichora wenyewe, bure, kwa mtoto ambaye hajui kwamba ni mada ya sekondari. Lakini usiipeleke shuleni. Ni duara lenye tundu katikati, ncha zake ziko kwenye nyuso mbili bapa badala ya miishoni, na haina nyekundu wala buluu. Ukiichora kwenye mtihani, msahihishaji atadhani umechora andazi.

Ukishapata sumaku, ihakiki. Wengi hukimbilia kuisogeza karibu na kipande cha chuma na kufurahi kikivutwa. Hilo halithibitishi kitu: sumaku huvuta sumaku nyingine, na huvuta msumari wa kawaida pia. Uthibitisho ni kusukumana. Ncha zinazofanana zikisukumana, zote mbili ni sumaku. Zikivutana kila unapozigeuza, mojawapo ni chuma tu kilichopakwa rangi. Sasa fanya jaribio hili kwa ile miche miwili ya droo ya chini. Haisukumani popote. Umethibitisha kisayansi kwamba mmojawapo, pengine yote miwili, haistahili jina lake. Andika kwenye daftari kwamba ilisukumana.

Usione haya kuandika usichokiona. Ni desturi ya muda mrefu na imelelewa na watu wakubwa. Kwa karne nyingi, tangu enzi za Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, wasomi wa Ulaya walirudia kwamba ukiipaka sumaku kitunguu saumu inaacha kuvuta. Kitunguu saumu kilikuwepo, sumaku zilikuwepo, na jaribio lisingechukua muda wa kunywa chai. Walirudia tu. Hatimaye, katika karne ya 16, Giambattista della Porta wa Napoli alikula kitunguu saumu, akaibeulia sumaku, na sumaku ikaendelea kuvuta kama kawaida. Mwaka 1600 William Gilbert, tabibu wa Uingereza, akatoa kitabu chake De Magnete, akazitupa hadithi za namna hiyo na kueleza kwamba dunia yenyewe ni sumaku kubwa. Watu wa aina hii ni wa kuheshimiwa. Usiwaige, kwa sababu wao hawakuwa na mtihani mwezi wa Novemba.

Hapo Gilbert ametuletea balaa jingine. Kama dunia ni sumaku, ina ncha. Ncha ya sumaku inayoelekea kaskazini tumeiita ncha ya kaskazini. Ncha zinazovutana ni zile zisizofanana. Basi kule kaskazini ya dunia, kinachoivuta ncha ya kaskazini ya dira yako lazima kiwe ncha ya kusini ya sumaku. Soma tena polepole. Hakuna kosa la uchapaji. Ukiulizwa kwenye mtihani upande wa kaskazini wa dunia una ncha ipi ya sumaku, tazama kwanza swali lina alama ngapi. Likiwa na alama moja, wanataka kaskazini. Likiwa na alama mbili, andika kusini na utoe sababu. Likiwa na alama tatu, ruka, utarudi ukipata muda, na muda hutapata.

Kuna jingine dogo ambalo halikuhusu mpaka ushike kifaa kwa mkono wako. Ukining'iniza sindano ya sumaku kwa uzi uliofungwa katikati barabara, hailali sawa; inainamisha ncha moja chini, kwa kuwa mistari ya uga wa dunia inaingia na kutoka ardhini kwa mshazari. Vitabu vilivyochorwa Ulaya vinaonyesha ncha ya kaskazini ikiinama, na kwa Ulaya ni kweli. Ila ikweta ya sumaku si ile ya ramani. Barani Afrika inapita kaskazini zaidi, kwenye anga la Ethiopia, hivyo sisi tulioko Mwanza, Nairobi au Iringa tuko kusini yake wote, na kwetu inayoinama ni ncha ya kusini. Ndiyo maana watengenezaji wa dira husawazisha sindano kwa kufuata kanda. Dira ya London ukiileta Iringa, sindano yake itainama mpaka ikwaruze. Sindano yako ikiinama upande usiofanana na mchoro wa kitabu, utaelezwa kwamba uliifunga vibaya.

Chora mistari ya uga. Kabla ya yote, fahamu kwamba haipo. Hakuna mstari hewani. Kuna nguvu kila mahali kuizunguka sumaku, na mistari ni namna ya kuonyesha inaelekea wapi na ina ukali gani. Hata hivyo, mistari hii isiyopo ina nidhamu kuliko darasa zima: hutoka ncha ya kaskazini na kuingia ya kusini, husongamana penye nguvu nyingi, hutawanyika penye nguvu kidogo, na haikatani kamwe. Jaribio lenyewe linataka karatasi juu ya sumaku na unga wa chuma juu ya karatasi, kisha unagonga kidogo kwa kidole. Unga utapatikana kwa fundi wa kusaga vyuma. Mwanafunzi mmoja atanyanyua karatasi ili aone vizuri, unga utamwagikia sumaku, na kuanzia hapo sumaku itakuwa na ndevu hadi mwisho wa dunia. Kwa hiyo chora kwanza, gonga baadaye. Michoro yote iliyowahi kupata alama zote ilichorwa kabla ya jaribio.

Kutengeneza sumaku kwa kusugua sindano hakuna makuu. Sugua upande mmoja tu, nyanyua, rudi, sugua tena. Chuma laini hushika usumaku haraka na kuuacha haraka. Chuma cha pua huchelewa kushika na huchelewa kuacha. Wiki ya mtihani utavigeuza. Kila mtu huvigeuza.

Sasa ingia kwenye umeme. Mwaka 1820 huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted alikuwa akifundisha, akapitisha mkondo kwenye waya karibu na dira, na sindano ikacheza. Umeme na sumaku, vilivyokuwa vikisomwa kama mambo mawili, vikaonekana vina udugu. Kwa maelezo yake mwenyewe, jaribio lile halikuwagusa sana waliokuwepo, kwa kuwa sindano ilitikisika kidogo tu. Ukisinzia kwenye kipindi hiki, umefuata nyayo za darasa lililoshuhudia ugunduzi wenyewe.

Tengeneza sumakuumeme yako. Chukua msumari wa inchi nne, waya mwembamba wa shaba na betri za redio. Zungushia waya kwenye msumari, mizunguko mingi, yote kwa mwelekeo mmoja. Unganisha. Haifanyi kazi. Usipigane na betri: waya wa koili umepakwa vanishi, na usipoikwangua kwenye miisho miwili mkondo haupiti. Fundi anayesuka mota pale gereji hukwangua kwa wembe bila hata kuangalia, huku anabishana mpira. Wewe kwangua kwa uangalifu. Unganisha tena. Msumari unavuta pini, na ukiongeza mizunguko au mkondo unavuta zaidi. Vilevile waya unachemka na betri zinaisha, kwa sababu umeunganisha upande na upande bila kitu cha kuuzuia mkondo. Usizidishe sekunde chache. Sasa tenganisha. Kitabu kinasema usumaku hutoweka mara moja. Pini mbili zitabaki zimening'inia, kwa kuwa msumari wa dukani si chuma laini cha kitabuni na hubaki na usumaku kidogo. Zing'oe kabla mwalimu hajafika mezani kwako.

Kabla hujaenda mbele, kubali jambo moja kuhusu mkondo. Unatoka chanya kwenda hasi. Elektroni, ambazo ndizo zinazosogea kwenye waya, zinatoka hasi kwenda chanya. Yote mawili yanafundishwa, wakati mwingine ndani ya wiki moja na mwalimu yuleyule. Chanya na hasi zilipangwa karne ya 18 na Benjamin Franklin, alipolazimika kubahatisha. Mwaka 1897 J. J. Thomson akaibainisha elektroni, ikaonekana bahati ilikwenda upande wa pili, lakini kila kitabu kilikuwa kimeshachapwa na kila mtu ameshazoea. Mishale ikabaki ilivyo. Usiulize darasani kwa nini isirekebishwe. Aliyeuliza mwaka jana alipewa kazi ya kufuta ubao mpaka likizo.

Tumefika kwenye mikono, na hapa twende taratibu, kwani hapa ndipo utakapopotelea. Kuna sheria ya kuushika waya kwa mkono wa kulia: kidole gumba kinaonyesha mkondo unakokwenda, na vidole vingine vilivyokunjwa vinaonyesha uga unavyozunguka. Usishike waya. Shika hewa, au kalamu. Sheria inasema shika waya, nawe mwaka mzima umekatazwa kushika waya. Zote mbili ni kweli na moja tu inaua.

Kisha kuna kanuni mbili za John Ambrose Fleming, mhandisi wa Uingereza, na hizo hazitaki ngumi. Zinataka vidole vitatu vilivyoachana kila kimoja kwa pembemraba: gumba kwa mwendo, cha shahada kwa uga, cha kati kwa mkondo. Mkono wa kushoto ni wa mota, ambamo unaingiza umeme ukapata mwendo. Wa kulia ni wa jenereta, ambamo unaingiza mwendo ukapata umeme. Ni rahisi kabisa ukiwa nyumbani.

Kwenye chumba cha mtihani hali inakuwa nyingine. Saa nne asubuhi, swali la saba. Wanafunzi hamsini wanainua mikono kwa pamoja, vidole vimetanuka, viwiko vimepinda, mmoja ameegemea dawati kama anayetafuta ufunguo uliodondoka. Swali limechora duara dogo lenye msalaba ndani, maana yake uga unaingia ndani ya karatasi: ni manyoya ya mshale unaoondoka. Lingekuwa na nukta, ingekuwa ni ncha ya mshale unaokujia usoni. Ili kidole cha shahada kiingie ndani ya karatasi, huku cha kati kikielekea kulia na gumba nalo lipate pa kwenda, bega lazima lifanye kazi ambayo halikuumbiwa. Msimamizi ni mwalimu wa Historia. Anatazama mikono hamsini ikipinda hewani kimyakimya na kuamini kabisa kwamba mnapeana majibu kwa ishara. Anasogea. Mikono yote inashuka. Akigeuka, inapanda.

Fuata utaratibu huu. Weka kalamu chini. Hii ni hatua muhimu kuliko zote: asiyeweka kalamu chini ana mkono mmoja tu ulio huru, wa kushoto, na atautumia kwa mota, kwa jenereta na kwa lolote litakaloulizwa. Jiulize kinachoingia ni umeme au ni mwendo. Chagua mkono. Anza na kidole ambacho swali limekupa, vingine vifuate. Usiazime mkono wa jirani; kushoto kwake hakujathibitishwa. Ukimaliza utapata jibu moja kati ya mawili, juu au chini, na litakuwa chini. Ilikuwa juu.

Mwaka 1831 Michael Faraday, aliyeanza maisha kama mwanagenzi wa kujalidi vitabu London, alionyesha upande wa pili wa jambo hili: sumaku inaweza kuzaa umeme. Sharti lake wanafunzi husoma na kulisahau papo hapo. Sumaku iliyotulia ndani ya koili haizai chochote. Lazima kitu kibadilike: sumaku iingie, au itoke, au koili isogee. Ukiingiza haraka unapata zaidi. Ukiongeza mizunguko unapata zaidi. Ukisimama unapata sifuri. Anayetaka kuona amtazame mwendesha baiskeli yenye dainamo usiku. Akikanyaga kwa nguvu taa inawaka, akipunguza inafifia, akisimama kukusalimia mnasalimiana gizani. Baiskeli pia inakuwa nzito dainamo ikigusa tairi, na hiyo ni kanuni ya Lenz ya mwaka 1834, kwamba umeme unaozalishwa hupinga kile kilichouzalisha. Hakuna cha bure hata kwenye kukanyaga pedali. Shuleni mtatumia galvanomita ambayo mshale wake umekwama kwenye mbili tangu ilipotoka bandarini. Gonga kioo kidogo kwa kucha. Ikihamia tatu, hiyo ndiyo data yako.

Malizia na transfoma, maana ipo kwenye nguzo nje ya dirisha na huwezi kuikwepa. Koili mbili zisizogusana zimezungushiwa kiini kimoja cha chuma. Mkondo unaobadilika kwenye ya kwanza unabadilisha uga, uga unazaa umeme kwenye ya pili, na uwiano wa volti ni uwiano wa mizunguko. Laini ya mtaani ina volti 11,000. Ili upate 400 kutoka koili ya mizunguko 2,750, ya pili inahitaji 100. Hesabu imeisha. Transfoma ya mtihani haipotezi kitu mpaka swali litaje ufanisi. Ya kwenye nguzo inapoteza: inapata moto, ndiyo maana imetiwa mafuta, na kiini chake kimepangwa kwa bamba nyembamba zilizotenganishwa ili kupunguza mikondo inayozunguka bure ndani ya chuma. Pia inavuma, kwa kuwa chuma hurefuka na kufupika kidogo mno kila uga unapopanda na kushuka. Umeme wetu wa hezi 50 huitikisa mara 100 kwa sekunde. Mvumo huo usiuandike. Haumo kwenye majibu ya msahihishaji, na kitu ambacho hakimo kwenye majibu hakijawahi kusikika.

Swali la mwisho litauliza kwa nini transfoma haifanyi kazi kwa umeme wa betri. Andika kwamba mkondo wa betri haubadiliki, kwa hiyo uga nao haubadiliki, na koili ya pili haipati kitu. Weka nukta. Weka kalamu chini, funga karatasi, kaa kimya. Dakika kumi zitakuwa zimebaki na utashawishika kuongeza sentensi moja ya kuonyesha unaelewa zaidi. Sentensi hiyo itakuwa na elektroni ndani yake, nawe utaipeleka upande usiotakiwa.